Kuuona Utumbo Bila Kuupasua

Alfajiri ya tarehe 9 Juni 1956, madaktari wa hospitali ya jeshi ya Walter Reed mjini Washington walimpasua tumbo Rais Dwight Eisenhower wa Marekani. Alikuwa na umri wa miaka 65, mwaka ulikuwa haujatimia tangu apatwe na shambulio la moyo, na uchaguzi mkuu ulikuwa umebakiza miezi mitano. Walikuta sehemu ya mwisho ya utumbo mwembamba, pale unapokaribia kuungana na utumbo mpana, imeziba. Hawakuikata. Waliuchukua utumbo ulio juu ya kizuizi wakauunganisha moja kwa moja na utumbo mpana, chakula kikapata njia ya mkato. Novemba Eisenhower akashinda uchaguzi.

Madaktari wale hawakuwa wakibahatisha. Mwezi mmoja kabla, katika uchunguzi wa kawaida wa afya, rais alikuwa amenyweshwa bariamu, kimiminika cheupe kizito ambacho eksirei haipenyi, kisha akapigwa picha kadiri kilivyokuwa kikishuka tumboni. Picha zilionyesha kwamba kikifika mwisho wa utumbo mwembamba kinabanwa. Maumivu ya tumbo yalikuwa yakimjia na kuondoka kwa miaka mingi, hata baada ya kutolewa kidole tumbo mwaka 1923. Mwaka 1956 ndipo picha ilipoonyesha mahali penyewe.

Ugonjwa aliokuwa nao unaitwa ugonjwa wa Crohn. Mwaka 1932 madaktari watatu wa hospitali ya Mount Sinai, New York, waliandika habari za wagonjwa 14 waliokuwa na utumbo uliovimba na kunenepa sehemu hiyohiyo ya mwisho. Walikuwa Burrill Crohn, Leon Ginzburg na Gordon Oppenheimer. Majina yao yalipangwa kwa alfabeti, na ndiyo maana Crohn ndiye aliyebaki midomoni mwa watu huku wenzake wawili wakisahaulika. Miaka miwili baadaye daktari mwingine wa Marekani, John Kantor, akaeleza jinsi bariamu inavyopita kwenye sehemu iliyosinyaa na kuacha mstari mwembamba kwenye filamu. Aliuita alama ya uzi, na wataalamu wa picha wanautumia msemo huo hadi leo.

Crohn ana ndugu yake, kolaitisi ya vidonda, na kwa pamoja wawili hawa ndio kiini cha magonjwa sugu ya utumbo kuvimba. Kinga ya mwili, badala ya kupambana na wadudu, inaushambulia utumbo wenyewe. Kolaitisi ya vidonda hukaa kwenye utumbo mpana tu: huanzia mwisho kabisa, karibu na njia ya haja kubwa, na kupanda juu bila kuruka mahali, ikichubua ngozi laini ya ndani. Huu ndio ugonjwa uliomsumbua Shinzo Abe, waziri mkuu wa zamani wa Japani, aliyeachia madaraka mwaka 2007 na tena mwaka 2020 kwa sababu za afya. Crohn ni mtukutu zaidi. Anaweza kuibuka popote kuanzia mdomoni hadi kwenye njia ya haja kubwa, anashika kipande hiki na kuruka kile, na haishii kwenye ngozi ya ndani. Anazama unene wote wa ukuta wa utumbo. Huko ndiko yanakotoka majipu, utumbo kusinyaa, na fistula, yaani vijitundu vinavyotoboa kutoka utumbo mmoja hadi mwingine, hadi kwenye kibofu, au hadi nje ya ngozi.

Kwa hiyo daktari anayemshuku mgonjwa ana maswali mengi, na hakuna mashine inayoyajibu yote. Je, ugonjwa upo? Ni upi kati ya haya mawili? Umeenea wapi? Umeshachimba jipu? Dawa inafanya kazi? Mgonjwa anayeingia hospitali akiuliza "kipimo kipi ni bora?" mara nyingi huondoka na jina la kipimo cha bei kubwa kuliko vyote. Heri angeuliza kipimo kinatafuta nini.

Kwa swali la kwanza, mwenye neno la mwisho bado ni kamera. Kolonoskopi, iliyoanza kusambaa mwishoni mwa miaka ya 1960 kwa kazi ya William Wolff na Hiromi Shinya katika hospitali ya Beth Israel, New York, ni mpira mrefu mwembamba wenye kamera na taa nchani. Unaingizwa kupitia njia ya haja kubwa, unazunguka utumbo mpana wote, na daktari mzoefu anauvusha hadi sentimita chache za mwisho za utumbo mwembamba. Ubora wake mkubwa si picha. Ni kijikoleo kinachopita ndani ya mpira uleule na kunyofoa vipande vidogo vya nyama vya kupeleka maabara. Hakuna mashine ya eksirei wala ya sumaku inayoweza kufanya hivyo.

Gharama yake kwa mgonjwa huanza siku moja kabla. Chakula kigumu hakiliwi. Ni chai ya rangi, supu iliyochujwa na maji. Juisi ya choya au kinywaji chochote chekundu hakifai, kwa sababu kikibaki kwenye utumbo kinaweza kudhaniwa damu. Vidonge vya madini ya chuma husimamishwa siku kadhaa kabla kwani hufanya choo kiwe cheusi na kigumu kusafishika. Jioni inakuja dawa ya kusafisha tumbo, lita baada ya lita, na usiku hapalaliki. Wengi waliopimwa husema usiku ule ndio mgumu. Kipimo chenyewe, ukishapewa dawa ya usingizi, hukikumbuki. Utumbo kutoboka wakati wa kipimo hutokea mara chache sana, lakini hutokea, ndiyo sababu mgonjwa hutia sahihi kwanza.

Pamoja na sifa hizo, kamera inaona rangi ya ukuta, haioni tofali. Vidonda vya juu, wekundu, kuvuja damu, hivyo vyote itavionyesha. Jipu lililojificha nyuma ya utumbo haitalijua. Na mita kadhaa za utumbo mwembamba zilizo juu ya pale mpira ulipokomea zinabaki bila kuonwa. Kwa kolaitisi ya vidonda upungufu huo si tatizo kubwa, maana ugonjwa wote uko ndani ya eneo la kamera. Kwa Crohn, ni tatizo kweli. Miongozo ya Ulaya ya mwaka 2019 iliyotolewa kwa pamoja na wataalamu wa magonjwa haya na wataalamu wa picha inataka kila mgonjwa mpya wa Crohn apimwe utumbo mwembamba pia, hata kama kolonoskopi imeshatoa jibu.

Hapo ndipo zinapoingia mashine za kuona kwa nje.

Mwaka uleule Eisenhower alipopasuliwa, mwanafizikia mzaliwa wa Johannesburg, Allan Cormack, aliombwa kufanya kazi ya muda katika hospitali ya Groote Schuur, Cape Town, kusimamia matumizi ya mionzi. Huko akaanza kupiga hesabu: ukipitisha eksirei mwilini kutoka pande nyingi, je, unaweza kujua kilichomo katika kila nukta ya ndani? Alichapisha majibu yake mwaka 1963 na 1964 na karibu hakuna aliyeshughulika nayo. Godfrey Hounsfield wa Uingereza, akifanya kazi yake bila kumjua, ndiye aliyetengeneza mashine. Mgonjwa wa kwanza akapigwa picha ya ubongo London mwaka 1971. Wote wawili walipewa Tuzo ya Nobeli mwaka 1979. Mashine hiyo ndiyo CT.

Kwa tumbo, CT ni bingwa wa dharura. Mgonjwa akiletwa usiku tumbo limekaza, ana homa na anatapika, picha yenyewe huchukua sekunde tu, na inaonyesha kama utumbo umetoboka, umeziba au una jipu. Akiwa na utulivu wa kutosha hunyweshwa kwanza lita moja au zaidi ya maji maalumu ili utumbo mwembamba utanuke, na dawa ya kung'arisha huingizwa kwenye mshipa. Ukuta uliovimba hunywa dawa hiyo na kung'aa kuliko jirani zake. Kipimo hakitegemei sana mkono wa mpigaji, na picha zinaweza kusomwa na daktari aliye mji mwingine.

Ubaya wake ni mionzi. CT moja ya tumbo humpa mtu takriban milisiveti 8 hadi 10. Mionzi ya asili, ile tunayoipata sote kutoka ardhini, hewani na angani, ni wastani wa milisiveti 2.4 kwa mwaka duniani. Kipimo kimoja basi ni sawa na miaka mitatu au minne ya kuishi tu. Kwa mzee wa miaka 70 mwenye jipu, hilo si la kujadili. Apigwe picha haraka. Lakini Crohn hupenda vijana, wengi huanza kuugua kati ya miaka 15 na 35, na ni ugonjwa wa maisha. Kijana anayepigwa CT kila tumbo linapouma atafikisha miaka 40 akiwa na limbikizo ambalo hakuna aliyekaa kulihesabu.

MRI haina mionzi kabisa. Inatumia sumaku yenye nguvu kubwa na mawimbi ya redio, na waliofanikisha kuigeuza kuwa picha, Paul Lauterbur na Peter Mansfield, walipata Nobeli mwaka 2003. Mgonjwa hufunga kula kwa saa kadhaa, hunywa maji yale maalumu, kisha hulala ndani ya mashine yenye kelele kwa nusu saa au zaidi, akiambiwa mara kwa mara avute pumzi na kuibana. Matokeo yake yanastahili taabu hiyo: unene wa ukuta, maji yaliyojaa ndani yake, fistula, na kidokezo cha kama sehemu iliyosinyaa imevimba tu au imeshageuka kovu. Tofauti hiyo ya mwisho si ndogo, kwani kilichovimba kinaweza kusikia dawa, kovu linahitaji kisu. Kwa fistula za karibu na njia ya haja kubwa, MRI ya nyonga haina mpinzani. Daktari wa upasuaji anayeingia bila ramani hiyo anaweza kufungua tundu moja na kuacha matawi yake matatu.

Lakini MRI ni ghali, na foleni yake ni ndefu hata nchi tajiri. Hapo kuna kipimo ambacho kwa muda mrefu kilidharauliwa kwenye habari za utumbo: altrasaundi.

Sababu ya dharau hiyo inajulikana. Utumbo una hewa, na mawimbi ya sauti hayapendi hewa. Ripoti nyingi za altrasaundi ya tumbo zina sentensi ileile ya kusema matumbo yamejaa gesi, hayakuonekana vizuri, na habari zinaishia hapo. Aliyefundishwa kupima utumbo hafanyi hivyo. Anabadilisha kifaa na kuchukua kile chenye mawimbi ya masafa ya juu kinachoona karibu kwa undani, anakiweka upande wa kulia chini ya kitovu, anakandamiza polepole kila mgonjwa anapotoa pumzi, na hewa inasukumwa pembeni. Utumbo unajitokeza kwenye skrini ukiwa na tabaka zake, nyeusi na nyeupe kwa zamu. Anapima ukuta. Ukiwa chini ya milimita 3, ni wa kawaida. Ukizidi hapo anatazama zaidi. Kisha anawasha rangi zinazoonyesha damu inavyotembea, na ukuta uliowaka ugonjwa hujaa vidoa vyekundu na bluu. Mafuta yanayouzunguka utumbo huo nayo huonekana yamevimba na kuwa meupe.

Je, inalingana na MRI? Uingereza ililijibu swali hilo kwa utafiti ulioitwa METRIC, uliofanyika katika hospitali nane na kuchapishwa mwaka 2018. Wagonjwa 284 wa Crohn, wapya na wa zamani, walipimwa kwa njia zote mbili, kisha jopo la wataalamu likawafuatilia kuona nani alisema kweli. Katika kutambua kama utumbo mwembamba una ugonjwa, MRI ilinasa asilimia 97 ya wenye nao, altrasaundi asilimia 92. Katika kueleza ugonjwa umeenea hadi wapi, MRI ilipata asilimia 80 na altrasaundi 70. MRI ilishinda, hilo halina ubishi. Lakini mshindwa hakuachwa mbali, naye hahitaji chumba cha sumaku. Anahitaji kitanda, jeli na mtu anayejua. Watafiti walipowauliza wagonjwa wenyewe, altrasaundi ndiyo iliyowasumbua kidogo zaidi.

Faida yake nyingine ni kurudiwa. Mgonjwa akianza dawa leo, daktari anaweza kuuangalia ukuta uleule baada ya wiki chache, hapohapo kliniki, na kuona kama unapungua. Utafiti mwingine, wa Ujerumani, uliochapishwa mwaka 2017, ulionyesha kwamba unene wa ukuta hupungua ndani ya miezi mitatu ya matibabu. Mjamzito anapimwa bila hofu. Mtoto anapimwa akiwa amekaa na mama yake. Udhaifu wake mkubwa ni kwamba jibu linategemea mkono na jicho la mpimaji, na kwamba maeneo ya ndani sana, hasa mwisho wa utumbo mpana ulio ndani ya nyonga, hayafikiki vizuri. Kwa mgonjwa mnene nako inapata shida.

Kipo pia kidonge chenye kamera, uvumbuzi wa Gavriel Iddan wa Israeli ulioruhusiwa Marekani mwaka 2001. Kina urefu wa milimita 26 hivi, kinamezwa kwa maji na kinapiga picha kwa saa nane kikisukumwa na utumbo wenyewe. Kinaviona vidonda vidogo vya utumbo mwembamba ambavyo CT na MRI huvipita. Tatizo ni kwamba mwenye Crohn anaweza kuwa na sehemu iliyosinyaa, kidonge kikakwama hapo, na upasuaji ukawa ndio njia ya kukitoa. Kwa hiyo wenye dalili za kuziba humeza kwanza kidonge cha majaribio kinachoyeyuka. Na mtu ambaye hajakitoa kidonge cha kamera haruhusiwi kuingia kwenye MRI.

Eksirei ya kawaida ya tumbo, ile ya dakika mbili, wengi wangeitupa kapuni. Bado ina kazi moja. Mgonjwa wa kolaitisi kali anapolazwa na tumbo likaanza kujaa, filamu hiyo inaonyesha kama utumbo mpana umefutuka kupita sentimita 6. Ukifika hapo, daktari wa upasuaji anaitwa usiku huohuo.

Kwa miaka mingi magonjwa haya yalihesabiwa kuwa ya Ulaya na Amerika Kaskazini. Tangu miaka ya 1990 yamekuwa yakiongezeka katika nchi zinazoinukia kiuchumi, Afrika ikiwemo, na miji ya Afrika Mashariki haiko nje ya hesabu hiyo. Lakini huku picha zinasomwa katika mazingira mengine. Kifua kikuu cha utumbo hupenda kona ileile ya utumbo mwembamba na mpana ambayo Crohn anaipenda. Ukuta unanenepa, tezi zinavimba, utumbo unasinyaa. Kwenye CT na MRI hata bingwa anaweza kusita. Amiba huacha vidonda kwenye utumbo mpana. Kando ya Ziwa Victoria, kichocho cha tumbo huleta kuhara damu na vinyama ndani ya utumbo. Kukosea hapa ni hatari: steroidi zinazotuliza Crohn zinaweza kuamsha kifua kikuu kilicholala, na mwenye amiba akipewa steroidi anaweza kutoboka utumbo. Ndiyo maana mahali petu kijikoleo cha kolonoskopi kina thamani zaidi kuliko sumaku. Kipande cha nyama hutazamwa kwa darubini na kupimwa vimelea vya kifua kikuu, na choo nacho hupimwa, kabla mtu hajaandikiwa dawa za kushusha kinga.

Kuhusu vifaa, hali si mbaya kama ilivyokuwa. Tanzania imefunga CT katika hospitali za rufaa za mikoa, na Kenya tangu mwaka 2015 imepeleka vifaa vya picha kwenye hospitali za kaunti. MRI bado ni ya miji mikubwa. Altrasaundi ipo hadi hospitali ya wilaya, ikipima wajawazito, figo na mawe ya nyongo tangu asubuhi hadi jioni, na utumbo ukiachwa kwa kisingizio cha gesi. Fedha za kununua MRI nyingine zikisubiriwa, kumfundisha mpimaji wa wilaya jinsi ya kukandamiza na kupima ukuta wa utumbo ni jambo linaloweza kuanza sasa. Hakuna uwekezaji mwingine katika vipimo hivi wenye faida kubwa kiasi hicho kwa bei hiyo.

Msomaji anayehara kwa zaidi ya wiki nne, anayeona damu kwenye choo, anayeamshwa usiku na tumbo au anayepungua uzito bila sababu, asiridhike na dozi ya tatu ya dawa ya amiba au taifodi. Amuulize daktari kama kipimo cha choo cha kalprotektini kinapatikana. Kikiwa cha kawaida, uwezekano wa utumbo kuvimba ni mdogo na safari ya kolonoskopi inaweza kuahirishwa. Akiandikiwa CT, aulize inatafuta nini na kama altrasaundi au MRI ingetosha. Na kila picha aliyopigwa, iwe filamu au CD, aitunze pamoja na ripoti yake na aibebe kila anapokwenda kliniki mpya, ili daktari wa huko ailinganishe na ya leo badala ya kumrudisha kwenye mashine.